Yai Lililotikiswa na Upepo

Jumamosi ya Pasaka, saa moja asubuhi, Babu Durk alisimama katikati ya malisho yake akainua mkono. Hakuita. Watafuta mayai wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, hawapazi sauti malishoni, hata wakiona maajabu.

Wytske, mjukuu wake, alichomeka mti wake mrefu wa kurukia mifereji kwenye tope la mfereji, akajirusha ng'ambo, akavuka wa pili vivyo hivyo. Baba yake, Sjoerd, alizungukia darajani pamoja na Shangazi Fokje, aliyebeba chupa ya kahawa na mkate wa sukari huku akilaumu viatu vyake njia nzima.

Kwenye kijishimo cha nyasi, karibu na kiatu cha Babu, palikuwa na yai moja la rangi ya matope, lenye madoa meusi. Yai la ndege wa kishungi.

Kila Machi mkoa mzima hulitafuta yai la kwanza la ndege huyo. Zamani aliyeliona alilibeba hadi kwa mkuu wa mkoa, akapewa mkono, akatoka gazetini. Siku hizi kuligusa ni marufuku. Unalipiga picha, unaituma kwa chama cha walinzi wa ndege, na mkaguzi wa eneo anajibu Ndiyo au Hapana. Tangu majira ya baridi mkaguzi wa vijiji vitatu alikuwa Wytske mwenyewe.

Babu alikuwa amelitafuta kwa miaka sitini na minane. Mayai alikuwa ameyaona mengi, lakini la kwanza, hata siku moja. Jirani yake Gerben alikuwa amelipata mara nne, na kila Pasaka alimsubiri mlangoni mwa kanisa amuulize, "Durk, bado tu?" Mwaka huu hakuna aliyekuwa ameripoti yai, na tangu Januari daktari alikuwa amemkataza Babu kuendesha gari kwa sababu ya macho.

"Macho gani mabovu hayo?" alisema Shangazi Fokje, akamkumbatia baba yake mpaka kofia ikamdondoka. Wytske alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Sjoerd alipiga picha, akaituma chamani kwa jina la Babu, kisha akamtumia Gerben pia. Jibu la Gerben lilifika kabla kahawa haijamiminwa. Sjoerd alilisoma kwa sauti: "Hongera, Durk. Ulistahili."

Ikabaki Ndiyo ya Wytske. Alitoa simu yake. Jambo dogo tu lilikuwa likimsumbua: hakuna jike lililoruka walipokaribia. Alitazama angani, hakuona ndege. Ndipo upepo ukavuma kutoka upande wa bahari, upepo wa kawaida usiotosha hata kuangusha kofia, na yai likatikisika. Likayumba, likabingirika ndani ya kijishimo kama ganda la karanga, likalala ubavu. Kwenye ncha yake palikuwa na kitobo cha sindano.

Lilikuwa ganda tupu, yai lililonyonywa miaka mingi iliyopita na kuwekwa kabatini.

Shangazi Fokje alimgeukia kaka yake na kumuuliza ni mzaha gani huu wa kumfanyia mzee. Sjoerd akaapa kwamba hajui lolote, na uso wake ulionyesha kweli hajui.

"Niliweka mimi," alisema Babu. "Jana jioni."

Wytske alikuwa na miaka saba mtu huyu alipomfundisha kumsoma ndege anavyoruka, na siku hiyohiyo akamwambia kwamba unaweza kumdanganya mkeo, unaweza kumdanganya mtu wa kodi, lakini juu ya yai hudanganyi.

"Bonyeza Ndiyo, mjukuu wangu," Babu aliendelea, taratibu, kama anayeomba chumvi mezani. "Kesho nitasema kunguru wamelila."

Hata kisingizio cha kunguru alikuwa ameshakipanga. Hilo lilimuuma Wytske kuliko kitobo.

"Bonyeza tu," alisema baba yake. "Nani atakufa?"

Wytske alimuuliza Babu kuhusu mwaka jana, alipoleta taarifa ya viota kumi na kimoja na kuvichomekea mwenyewe vijiti vya alama, na wakulima wakavizunguka kwa matrekta yao msimu mzima. Alitaka kujua viota vingapi Babu aliviona kwa macho yake.

Babu alifikiri. "Vitatu," alisema. "Labda viwili."

Sjoerd akatazama chini. Wytske aliviona vijiti vile kichwani mwake, vimesimama vikilinda nyasi tupu, huku viota vya kweli, ambavyo hakuna aliyeviona, vikipitiwa na magurudumu. Akabonyeza Hapana.

Wote walijua maana yake. Anayetuma yai la uongo hufutwa chamani, na chama hicho alikianzisha Babu mwenyewe, jikoni kwake, miaka arobaini iliyopita. Shangazi Fokje aliachia mkate wa sukari ukaanguka kwenye nyasi, wala hakuinama kuuokota.

"Umemfuta babu yako," alisema Sjoerd. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeshuhudia ajali. "Mkesha wa Pasaka. Mwombe radhi. Sasa hivi, kabla hatujakaa mezani."

Babu aligeuza uso kutafuta alipo mjukuu wake, akakosea kidogo, akawa anautazama mfereji. Wytske alisogea hatua mbili mpaka akawa mbele ya macho yale, ili mzee asikie vizuri na, kama bado anaweza, aone.

"Siombi radhi, Babu," alisema. "Si leo, wala Pasaka ijayo."