Nyuma ya Ukuta wa Mkamwana

"Rudia hapo," Wegesa alisema, na jiwe la kusagia likatulia mikononi mwake. "Hapo anapobeba mtungi."

Rhobi alirudia. Kitabu kilikuwa cha parokia, jalada limeng'oka, pembe zimelainika kwa mikono ya watu. Kilisimulia habari za mwanamke mkoma aliyefukuzwa kijijini kwao. Kisima cha waliomfukuza kilipokauka, alikuwa akiwatekea maji mbali na kuyaacha njiani, asijulikane. Rhobi alisoma sentensi mbili tatu za Kiswahili, akazigeuza Kikurya, akaendelea. Machozi yalimtoka naye hakuyaonea haya. Wegesa, mama mkwe wake, naye alikuwa anapenga kamasi.

Kwa haki, ulezi ule ulikuwa wa Rhobi kuusaga. Wapi imeonekana mkwe anasaga na mkamwana amekaa? Lakini tangu jioni ya kwanza Wegesa alimpokonya jiwe. "Mikono ninayo, macho ya kusoma sina. Kila mtu afanye chake."

Rhobi alikuwa amekwisha kukisoma peke yake shambani, na tangu hapo alitaka jambo moja tu: kubatizwa. Alilitaka hata usingizi ukampungua. Katekista Nikolaus alimwambia, "Mumeo Kisyeri yuko jeshini. Basi mzee wa mji aseme ndiyo, niliandike jina lako." Na mzee wa mji, Nyangwine, baba mkwe wake, alikuwa amesema hapana. "Aingie majini na jina tulilomwoa nalo, atoke na la mgeni? Hapana!"

Angemwombaje? Mkurya gani asiyejua kwamba mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani ana kwa ana, na mzee hakanyagi nyumba ya mke wa mwanawe? Kule mji wa zamani heshima hiyo ilikuwa na nafasi ya kutosha, zizi zima katikati. Lakini mwaka jana waliopima viwanja vya kijiji cha ujamaa hapa Matongo walivuta kamba yao, wakapanga nyumba kwa mstari, wala hawakuuliza habari za wakwe. Sasa ukuta wa Rhobi na ukuta wa mzee ziliachana hatua kumi. Aibu tupu!

Jioni hiyo zilibaki kurasa nne. Rhobi alikuwa anafungua ya kwanza, mtu akakohoa nje, karibu kabisa na ukuta. Akaganda.

"Mzee yuko hapo tangu juzi," Wegesa alinong'ona. "Anasema anachonga mpini wa jembe."

"Mpini gani usiokwisha, mama?"

"Wewe unaniuliza mimi!" Wegesa alicheka mpaka akashika kiuno. "Soma, mwanangu."

Rhobi akasogeza kigoda mpaka ukutani, akaugeuzia uso udongo, akasoma kwa sauti, Kikurya kitupu. Alisoma jinsi mwanamke yule alivyokutwa amekufa kando ya njia, mtungi umejaa, na jinsi mzee aliyemfukuza alivyoinama, akajitwika mtungi mwenyewe. Kitabu kikaisha hapo. Jiwe halikusaga, wala nje hapakusikika kisu.

"Wegesa!" Sauti ya mzee ilikuwa nzito. "Muulize msomaji wako. Yule mama alipozikwa, walimwita kwa jina lake la kwao?"

Rhobi alijua jibu ambalo mzee angelipenda. Neno moja tu, ndiyo, nani angegundua? Katika mji huu hakuna mwingine aliyejua kusoma. Alitazama ukurasa wa mwisho, akaugeuza, upande wa pili ulikuwa mweupe.

"Mama, mwambie baba kitabu hakisemi."

Alikifunga kitabu.

"Mwambie pia," aliuambia ukuta, "mimi nikiitwa Rhobi nitaitika. Hata siku ile, nikitoka majini, akiniita nitaitika."

Wegesa hakuwa na haja ya kurudia, maana ukuta si mlima. Walisikia tu miguu ya mzee ikiondoka.

Jumamosi Rhobi alikirudisha kitabu parokiani, na Nikolaus alipomtazama kwa kuuliza, alitikisa kichwa, akarudi nyumbani akilia njia nzima.

Jumapili, jogoo wa pili, Wegesa aligonga mlango. "Vaa kanga yako njema. Upesi!"

"Kwenda wapi, mama? Baba hajasema."

"Hajasema, kweli. Toka nje uone."

Mvua za masika zilikuwa zimeyapandisha majani yakaziba njia ya kanisani, yamelowa umande. Mbele huko, kwa umbali ule unaostahili wakwe, Nyangwine alikuwa anatembea na fimbo yake, akiyapiga majani kulia, akiyapiga kushoto, umande ukiruka na kumlowesha mpaka mapajani. Hakugeuka.

Rhobi alifuata. Njia nyuma ya mzee ilikuwa kavu. Kila machozi yalipomfunga macho akapunguza mwendo, mbele nako fimbo ilipunguza, ikarudia kupiga majani yaleyale, ikamngoja.