Upana wa Kidole Gumba

Miaka thelathini mama alikata nguo bila kuchora nafasi ya mshono. Kadibodi zake za kukatia vitambaa ziliishia pale pale sindano itakapopita. Ziada aliipima kwa kidole gumba, mkasi ukiwa mbioni. Ndiyo maana karakana nzima ilimwita Gumba.

Sasa macho yake yalikuwa yamechoka, na bosi alikuwa ameleta kompyuta ya kuchorea nguo. Mimi ndiye niliyesomea kuitumia.

“Binti, ingiza kadibodi za mama yako humo,” bosi aliniambia. “Koti la kwanza likinikaa, Gumba atabaki, awe mkaguzi. Lisiponikaa, sina kiti cha bure.”

Mama alinikabidhi kadibodi mpya.

“Za zamani ziko wapi?”

“Zimeliwa na mende. Fanya kazi, acha maswali.”

Nilizilaza moja moja juu ya ubao wa kunakilia uliounganishwa na kompyuta, nikabofya kila kona: kola, mgongo, mikono. Kisha nikaiagiza kompyuta iongeze sentimita mbili kila ukingo, maana namjua mama yangu, hachori mshono.

Bosi alilivaa koti mbele ya washonaji. Mabega yakamwangukia, mikono ikameza vidole.

“Bosi, umeazima kwa kaka mkubwa?” mmoja akapaza sauti. Wakacheka. Bosi hakucheka.

Mama alisogea, akapapasa mshono wa begani, akaibana ziada. Kidole gumba kikaenea kamili. Akanigeukia.

“Na wewe uliongeza?” alininong'oneza.

“Kwani uliongeza, mama?”

“Nilizikata upya, ziada ikiwa ndani. Nilitaka wakuone umepewa kazi kamili, si kazi ya kubahatisha.”

“Nani kakosea?” bosi aliuliza.

Niliinamia kompyuta.

“Mimi,” mama akasema. “Macho, bosi. Si unajua.”

“Basi, mama. Kapumzike.”

Alifungua aproni yake polepole, fundo limemkatalia. Kabla halijaachia, mimi nilikuwa nimeshafuta zile sentimita mbili.

Nyumbani aliuliza jambo moja tu.

“Koti la pili limemkaa?”

“Limemkaa, mama.”

Akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kupapasa meza, akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.