Korosho Kumi na Tisa

Kikohozi kilisikika kwanza, kikavu na kirefu, kikikwaruza nyuma ya mlango uliofungwa. Sudi alishika ukingo wa benchi la zahanati. Marehemu kaka yake, Kassimu, mvutaji kama yeye, alikohoa hivyo hivyo msimu mzima wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, na msimu uliofuata mikorosho yake ilipaliliwa na watu wengine.

"Ni Hassani huyo," mkewe Saida alinong'ona. "Usibadilike rangi bure."

"Nani kabadilika? Mimi?"

Mlango ukafunguka. Hassani, jirani yao kijijini Ziwani, alitoka akicheka huku akijipiga kifua. "Kutu imepungua, bwana! Sista kasema kidogo, lakini imepungua. Zamu yako, mwanamume!"

Wiki sita nyuma, wataalamu kutoka Dar es Salaam walikuwa wamewachukua damu wavutaji wa kijijini. Sista Helena, muuguzi wa zahanati, aliwafafanulia: moshi wa sigara unautia mwili kutu, kama upepo wa chumvi unavyokula baiskeli, na matunda na mboga za majani huipunguza kasi kutu hiyo. Wale vyakula hivyo kila siku. Anayeweza kuacha sigara aache, anayevuta asiongeze. Kisha damu itapimwa tena. Ilikuwa imechukuliwa juma lililopita, na leo ni siku ya majibu.

Sudi alishika moja tu: matunda yanapunguza. Mengine akajitungia. Kila alipozima sigara alichukua bibo, tunda la mkorosho, akanyofoa korosho yake, akalifyonza mpaka maji yakamchirizika kidevuni. Moshi umeingia, bibo limeufuta. Basi hesabu ya nini? Akavuta kwa raha ambayo hakuijua tangu Kassimu azikwe.

Lakini sasa, akiwa na Saida mbele ya meza ya sista, aliufunika mfuko wa shati kwa kiganja.

"Uliniambia unavuta sigara kumi kwa siku," sista alisema akitazama karatasi. "Bado ni kumi?"

"Kumi, sista. Mimi si mtu wa maneno mawili."

"Na jana ulikula matunda mangapi?"

Sudi alifungua kinywa, Saida akamtangulia. Alifungua fundo la pembe ya khanga na kumwaga korosho mbichi mezani, maana kwao bibo huliwa, korosho haitupwi.

"Hizo ni za jana peke yake," alisema kwa majivuno. "Hesabu mwenyewe, sista. Mume wangu hakai na moshi kifuani. Sigara moja, bibo moja. Hajawahi kuruka."

Sista alizisogeza kwa ncha ya kalamu, mbili mbili. Sudi aliona kila jozi ikipita.

"Kumi na tisa," sista alisema.

Saida alizitazama korosho, kisha mumewe. Majivuno yakamtoka usoni taratibu.

"Kwangu imeshuka?" Sudi aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo, akaichukia.

"Imepanda. Mabibo yamekusaidia, Sudi, sisemi hayakufanya kitu. Lakini yanatoa maji kwa kata, na wewe unamimina mengine kwa ndoo."

"Kwa hiyo nakufa? Kama Kassimu? Sema, sista, usinizungushe!"

"Usinifokee. Nimesikiliza mapafu yako ulipoingia, sijasikia kitu cha kutisha leo. Ya kesho siwezi kukuahidi, wala tunda halitakuahidi."

Sudi alitaka kucheka, kusema wataalamu wa mjini wamekosea vichupa. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Ndipo Saida akaanza kuzifunga korosho upya, moja ikamponyoka na kudunda sakafuni.

"Kila alfajiri nakuchagulia yaliyoiva vizuri," alisema bila kumtazama. "Nadhani nakuponya. Kumbe nakusaidia kuvuta."

Hakuna aliyemtukana Sudi hivyo maishani mwake, na yeye hata hakuwa akitukana.

Alitoa pakiti mfukoni mwa shati. Zilibaki saba. Aliiweka kwenye meza ya sista, akaisukuma mbali, kisha akamgeukia mkewe. Mkono tayari ulikuwa ukiitamani.

"Saida, nitazame. Sista ni shahidi. Sivuti tena, si moja, si nusu. Siku ukinikuta na sigara, usigombane na mimi. Nenda moja kwa moja kwa mama, umwambie ajiandae kuzika mtoto wa pili. Nakuahidi, hutaifunga safari hiyo."