Chati Iliyopinduka

Kama kuna darasa lililokuwa na sifa pale shuleni, ni darasa la Mwalimu. Watoto wa miaka mitano na sita, wale wanaosubiri kuvuka kwenda la kwanza. Ukipita koridoni asubuhi unawasikia wakisoma chati ya silabi, ba, be, bi, bo, bu, sauti moja, mpaka vioo vya madirisha vinaitikia. Wageni wakija, mkuu wa shule huwapeleka huko kwanza, kama mwenye nyumba anayewakaribisha watu kwenye kiti chake kizuri. Mwalimu naye ni binadamu, sifa alizipenda.

Kiongozi wa kwaya ile alikuwa mtoto wa kike, jino la mbele limeng'oka, soksi moja juu na nyingine chini, sauti ya kuitia wateja sokoni. Wenzake walimwita Kasuku, na jina lenyewe alilipenda. Yeye ndiye aliyeshika fimbo. Anagusa silabi, anatamka, darasa zima linafuata. Alilelewa na bibi yake, fundi wa kushona nguo mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, na bibi huyo alishautangazia mtaa kwamba mjukuu wake anasoma. Mteja akija kupimwa gauni, kabla futi haijamfika kiunoni ameshapewa habari za mjukuu, atake asitake.

Ikaja likizo fupi, kuta za darasa zikapakwa rangi upya. Mzee wa rangi, mtu mwema asiye na neno na mtu, aliteremsha kila kitu ukutani na akakirudisha mahali pake. Ila ile chati kubwa aliirudisha kichwa chini miguu juu. Usimcheke. Kazi yake ni kuta, na kuta alizipaka vizuri.

Shule ilipofunguliwa, Kasuku akachukua fimbo yake, wakaanza. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, anawatazama watoto wake na kutabasamu. Wakamaliza mstari wa kwanza, wakaingia wa pili, hakuna aliyejikwaa. Ndipo jicho lake lilipoangukia yule bata aliyechorwa kando ya silabi ya kwanza. Bata alikuwa chini kabisa, kwenye kona, miguu hewani.

Alitaka kucheka. Kisha akaifuata fimbo kwa macho. Fimbo ya Kasuku ilikuwa inapita juu, mahali palipokuwa na mstari wa mwisho, tena umepinduka, na darasa zima linaimba mistari ya mwanzo bila kosa hata moja.

"Hebu nyamazeni kidogo," alisema. "Mnaona nini kwenye chati?"

Walitazama. Mmoja akainua mkono. "Bata amelala chali, Mwalimu."

"Umemwona saa ngapi?"

"Tangu tulivyoingia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Mtoto alimshangaa. "Tulikuwa tunasoma, Mwalimu."

Haya, wewe ungemjibu nini mtoto huyo? Mwalimu alikwenda mezani kwake. Akachukua kizibo cha soda, akakiandika *be* kwa kalamu ya wino mzito, akamwita Kasuku pembeni. Kasuku alikitazama kile kizibo kwa heshima zote. Akakigeuza nyuma. Akasema leo ana kikohozi. Alipoambiwa ajaribu tu, akawatupia macho wenzake kuona kama kuna mdomo unaofunguka, na midomo yote ilikuwa imefungwa.

"Mwalimu," alinong'ona, "mimi najua kusoma nikiwa na wenzangu."

Mwalimu alijiona mjinga, na sitaficha, alistahili. Watoto hawakuwa na kosa. Walifundishwa kuimba, wakaimba vizuri kupita kiasi. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini debe halijijazi lenyewe, na aliyekabidhiwa kulijaza ni yeye. Baada ya miezi michache tu mtoto yule ataingia la kwanza, kila mtu na kitabu chake, na hapo hapatakuwa na kwaya ya kujifichia. Atachekwa, na akishachekwa, kitabu atakichukia. Mwalimu alishawaona watoto wa namna hiyo, na wengine, aliposogeza kumbukumbu karibu, walikuwa wamepita mikononi mwake.

Mficha uchi hazai. Alikwenda ofisini akamweleza mkuu wa shule yote, na bata pamoja naye.

"Mwalimu," mkuu alisema, "siku ya wazazi inakuja. Wazazi wanataka kusikia kitu."

"Watasikia, Mkuu. Lakini mmoja mmoja."

"Na chati?"

"Chati nimeshaikata, iwe kadi za maneno."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema maji umeshayavulia nguo, basi yaoge, ila asije akamtia aibu mbele ya watu.

Darasa likanyamaza. Nasema likanyamaza, si mchezo. Mkuu akipita koridoni alisimama mlangoni kuhakikisha kama watoto wamo. Walikuwamo. Wengine wamepiga magoti kwenye trei za mchanga, wanaandika herufi kwa kidole na kuzifuta. Wengine wanasokota udongo wa mfinyanzi, wanautengenezea mkia wa *g* na tumbo la *b*. Wengine wanachagua vizibo vyenye silabi mfukoni na kuvipanga kwenye mkeka, wananung'unika peke yao kama watu wanaotafuta funguo. Penseli zilikaa kwenye kopo, zinasubiri vidole vipate nguvu.

Kasuku, aliyekuwa mbele ya wote, sasa alikuwa wa mwisho. Hilo lilimuuma. Alijaribu ujanja wake wa zamani, kusubiri jirani atamke naye adakie kwa sauti kubwa zaidi, na kusema kweli alikuwa mwepesi, ungeapa wametamka pamoja. Mwalimu akamhamishia mbele, mahali ambapo mbele yake kulikuwa na ukuta tu. Siku hiyo Kasuku alinuna mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kumkatia tamaa mtoto mwenye sikio kama lile. Alikaa naye chini, mkekani.

"Nitajie vitu vinavyoanza na *sss*."

"Saa. Sabuni. Sufuria. Soksi. Sisimizi. Simba, lakini simba sijamwona."

"Basi hiyo *sss* yako inaandikwa hivi." Akachora *s* mchangani. Kasuku akaipitia kwa kidole, akaifuta, akaiandika tena, mara imelala, mara imegeuka nyuma, mpaka ikasimama sawasawa. Kesho yake alikuja mbio kabla hata ya kuweka begi. Ameiona *s* kwenye mfuko wa sabuni. Ameiona kwenye kreti la soda. Ameiona mara mbili kwenye fulana ya mtu. Alizungumza kana kwamba herufi hiyo ameizaa yeye.

Kutoka hapo alikwenda polepole. *Sa* ikaja, ikafuata *si*, zikaja za *ma* na za *ka*. Siku nyingine alisahau hata za jana. Alipokwama sasa hakukohoa. Alitulia, akaiweka ncha ya kidole kwenye herufi, akasubiri. Mwalimu alijifunza kusubiri naye, na hilo ndilo lililomtaabisha zaidi, maana ulimi wa mwalimu huwasha.

Sasa, ukimya huu ulifika nyumbani. Asubuhi moja bibi yule akatokea mlangoni, futi shingoni, kola imejaa pini na sindano kama kawaida yake.

"Shikamoo, bibi," Mwalimu alisema.

"Marahaba. Mwanangu, mimi nilikuletea mtoto anayesoma. Siku hizi nikimwambia soma, ananyamaza, anakodolea macho karatasi. Umemfanya nini?"

Mwalimu angeweza kumzungusha. Hakumzungusha. "Bibi, alikuwa hasomi. Alikuwa anaimba, na mimi ndiye niliyemfundisha kuimba. Sasa ndiyo anajifunza kusoma."

Uso wa bibi ulimshuka. Kumwambia mtu kwamba fahari yake ni hewa, tena asubuhi, kabla hajatia uzi cherehani, si jambo dogo.

"Mtaa mzima unajua mjukuu wangu anasoma."

"Mtaa haujawahi kumpa neno akiwa peke yake, bibi."

"Basi nitampa mimi," bibi alisema. "Siku ya wazazi, mbele ya watu. Akilisoma, nitakuomba radhi hapo hapo. Asipolisoma, namchukua, atakaa kibandani na mimi mpaka la kwanza lifunguliwe. Angalau nikiwa naye ataimba."

Akaondoka. Mwalimu alibaki ameshika trei ya mchanga. Kibandani Kasuku angerudi kuwa kasuku kweli, na la kwanza lingemkuta mtupu. Mtoto alikuwa amebakiza hatua chache tu, na hatua hizo hazikimbizwi.

Siku ya wazazi ilifika na wazazi wakajaa. Viti vilikuwa vya watoto, kwa hiyo baba wazima walikaa magoti yamewafika videvuni, na mama mmoja mnene aliamua kusimama, akasema anapenda hewa. Mkuu wa shule alikaa karibu na mlango, nadhani kwa tahadhari. Watoto wakaja mmoja mmoja. Mzazi anachomoa kadi yoyote kwenye kikapu, mtoto anaisoma. Sauti zilikuwa ndogo, ilibidi watu wainame kusikiliza. Mmoja alisoma *kiti*. Mmoja aliitazama *paka* akasema kapa, akakunja uso, akajirudi mwenyewe. Baba yake alipiga makofi peke yake, akaona haya, akaendelea kupiga.

Zamu ya Kasuku ikafika. Mwalimu alimletea bibi kikapu.

"Kadi hizo mmeshazoeana nazo," bibi alisema. "Nipe chaki."

Chaki mkononi mwa fundi nguo ni kitu cha nyumbani. Alikwenda ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa, nzuri, zilizonyooka kama mshono: *sindano*.

Silabi ya katikati ilikuwa bado haijafundishwa. Darasa lilikuwa limejifunza herufi mbili mbili tu, ya kwanza na irabu yake. Zile zinazokaa tatu pamoja alizipangia muhula ujao. Bibi hakufanya kwa ubaya, alichukua neno lililokuwa karibu na mkono wake. Mwalimu aliinuka nusu aseme, bibi, hilo bado. Kisha akawaza, nikisema hilo bado, nimesema hawezi, na nimelisema mbele yake. Akakaa tena.

Kasuku aliliangalia neno. Kwenye kiti cha mbele mama mmoja mwenye huruma alianza kumsaidia kwa midomo, bila sauti, akiivuta taratibu ili mtoto aone. Kasuku akaiona. Mwalimu alimwona akiiona, na alijua mtoto yule anaweza kudaka neno zima kutoka kwenye mdomo wa mtu kabla hujapepesa jicho.

Kasuku akawageuzia watu mgongo. Akausogelea ubao mpaka pua ikakaribia kugusa chaki, akaweka kidole.

"Si," alisema.

Akaruka katikati, akaenda mwisho. "No."

Akarudi katikati, akakwama. Hakukohoa. Mtu nyuma alijikuna, kiti kikalia. Mkuu wa shule aliangalia mlango. Kasuku akachukua kidole gumba, akaifunika ile *n*, akabaki na mbili alizozijua.

"Da."

Akaondoa kidole gumba polepole, kama mtu anayefunua chungu aone kama chakula kimeiva.

"Nnn... da. Nda." Akajisikiliza. "Si. Nda. No."

Akageuka, akamwendea bibi yake, akainua mkono, akagusa ile iliyochomekwa kwenye kola.

"Sindano," alisema. "Hii hapa."

Hakuna aliyemfundisha kufunika herufi kwa kidole gumba. Hakuna. Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto wengi, lakini hili alilitoa mtoto mwenyewe, kichwani mwake, mbele ya umati, hali akiwa na njia rahisi mbele ya macho yake. Fahari ilimjaa Mwalimu. Sifa zote za koridoni, za wageni na za vioo vinavyotetemeka, akiziweka pamoja hazikufikia nusu ya kidole gumba kile. Aliangalia sakafu, kwa sababu mwalimu hapendi kulia mbele ya wazazi.

Bibi alikuwa bado ameshika chaki. Alimtazama mjukuu, akalitazama neno, akamtazama Mwalimu, na watu wakaona midomo yake inacheza kidogo.

"Mwanangu," alimwambia Mwalimu, kwa sauti ya kusikika, "niwie radhi. Mtaa nilikuwa nimeuongopea."

"Tuliuongopea sote, bibi."

Bibi akajifuta uso kwa ncha ya futi. Kisha akawageukia watu, kifua mbele, ni yule yule wa kibandani, akamwekea mjukuu mkono begani.

"Haya, rudia," alisema. "Wa nyuma hawakusikia."

Kasuku alichukua kifutio, akalifuta neno, akampisha bibi yake ubaoni.

"Hilo nimeshalisoma, bibi. Andika jingine."