Mtumbwi Uliochomwa Jumapili

Mtumbwi wa Fulgensi na mkewe Sikitu ulichomwa moto Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba, saa tano asubuhi, wenyewe wakiwa kanisani. Askari wa doria walikuwa watatu. Waliukuta umefungwa kwenye kigingi chake upande wa kijiji, ambako kuvua ni ruhusa, wakadhani wako upande wa hifadhi, kwa sababu mafuriko ya mwaka ule yalikuwa yameupasua mto ukawa na mikono miwili, na mgeni hakuweza kujua mkono upi ndio mto wenyewe. Wakamwaga petroli upande wa mbele, wakawasha, wakasubiri mpaka uishe. Kazi waliifanya vizuri, hilo lisemwe. Misa ilipokwisha palikuwa na majivu, kigingi na kipande cha kamba. Kasia lilipona kwa sababu Sikitu huliweka ndani, nyuma ya mlango.

Jumatatu jioni Fulgensi aliteremka mtoni kuichukua ile kamba, akaikuta imekaza. Upande mmoja ilikuwa imefungwa kigingini, upande wa pili iliishia hewani, ikakaa hivyohivyo bila kuanguka. Mbele yake maji yalikuwa yamebonyea, shimo refu lenye umbo la mtumbwi, ncha huku na ncha huku. Akaweka mguu mmoja ndani ya lile shimo. Ulikanyaga mti.

Akarudi nyumbani. Sikitu alikuwa anapepeta mchele.

"Mtumbwi umerudi," Fulgensi akasema.

"Unavuja?"

"Unavuja."

"Palepale?"

"Palepale, kwenye kiraka cha debe."

Sikitu akaweka ungo chini, akachukua kasia nyuma ya mlango na kopo la kutolea maji, wakaenda kuvua.

Uvuvi wao ulikuwa wa kukokota, na haufanyiki na mtu mmoja. Maji yanaposhuka baada ya masika, samaki hutoka kwenye madimbwi ya mbugani wakarudi mtoni, na kitoga, samaki mkubwa mwenye sharubu, huwafuata usiku, maana kitoga hali mchana. Fulgensi alikaa nyuma na kasia, akapiga maji polepole, mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni. Sikitu alikaa katikati, akaachia mshipi nyuma yao pima thelathini, na ndoano yenye kipande cha perege, na mshipi akauzungusha mara moja kwenye kidole cha shahada. Akitulia mtumbwi uende. Akisema "vuta", Fulgensi ainue kasia, naye amvute samaki. Miaka ishirini na sita walifanya hivyo, na katika muda wote huo Fulgensi alikuwa hajawahi kushika mshipi wala Sikitu kasia, isipokuwa kulitoa na kulirudisha nyuma ya mlango. Walipogombana nyumbani, ugomvi ulikwisha hapo mtoni, kwa kuwa mtu huwezi kumnunia mwenzako halafu umwambie vuta.

Watu wa kijiji chao, Luwambo, hawakulifanya jambo kubwa. Aliyesimama ufukweni aliwaona wawili hao wameketi chini kidogo ya usawa wa maji, hawalowi, na kati yao samaki wamelala juu ya kitu kisichoonekana. Balbina, ambaye huwanunua samaki wao na kuwapeleka Ifakara kwa pikipiki, aliuliza kama kitoga wa mtumbwi ule wanaharibika upesi. Aliambiwa hapana, akaendelea kununua. Katekista Egidius alikuja na kitabu chake kuona kama chombo kinahitaji kubarikiwa upya, maana kilikuwa kimebarikiwa siku ya Petro na Paulo, wiki moja tu kabla ya kuchomwa. Alipapasa ukingo, akafikiri.

"Kama uliungua mtumbwi, baraka haikuungua," akasema. "Endeleeni."

Mwezi wa nane Sikitu aligundua kwamba mtumbwi unapungua. Ulipoungua uliungua kuanzia mbele, na sasa ulikuwa unaungua tena kuanzia mbele, ila polepole na bila moto. Fulgensi aliupima kwa kasia. Siku ya kwanza ulikuwa makasia matatu na nusu. Sasa yalikuwa matatu. Kila juma ulikatika shibiri moja hivi.

"Ikifika Novemba tutakuwa tumepakatana," Sikitu akasema.

"Si tulishawahi."

"Wakati ule nilikuwa mwembamba, mume wangu. Usijidanganye."

Walicheka, lakini usiku huo Fulgensi hakulala. Alikuwa ameuchonga mtumbwi ule mwenyewe, kwa tezo, mwezi mzima, mwaka waliooana, kwa mti mmoja wa mvule. Angeweza kuchonga mwingine. Mti ulikuwepo, msitu wa kijiji ulikuwepo, mikono ilikuwa bado ina nguvu. Lakini orodha ya miti ya kukatwa ilikuwa imefungwa, na haikufunguliwa ila kwa mtu aliyepotezewa chombo na doria, awe na karatasi ya kuthibitisha. Na taarifa ya doria ya Jumapili ile, iliyobandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji, ilisema: hakuna chombo kilichochomwa. Fulgensi alikwenda kuisoma mara tatu. Mara ya tatu aliisoma kwa sauti, mtendaji wa kijiji akamwomba asipige kelele ofisini.

Wakaandika malalamiko. Wakaambiwa kamati ya kuyasikiliza itakuja Alhamisi ya pili ya Oktoba, na kwamba ushahidi wa majivu haupokelewi, kwa kuwa majivu hayana namba ya usajili. Balbina alisema aliwaona askari kwa macho yake akiwa anafua. Wakamwambia yeye ni mnunuzi wa samaki wa mlalamikaji, akae pembeni. Alitakiwa shahidi wa doria yenyewe. Kati ya wale watatu, mmoja alikuwa amehamishwa mbali, wa pili ndiye mkuu wa kituo aliyeandika taarifa, na wa tatu alikuwa Osward, kijana wa mkataba wa mwaka mmoja.

Mwishoni mwa Septemba, usiku, wakiwa wanavua, Sikitu alisikia mtu anapiga yowe. Kiboko alikuwa ameipindua boti ya doria, na Osward alikuwa peke yake juu ya fungu dogo la mchanga, maji yakimfika magotini, na yule kiboko akipumua karibu. Fulgensi aligeuza. Mtumbwi wakati huo ulikuwa umebaki makasia mawili na kidogo. Watatu waliweza kukaa kama mmoja angekubali kukaa mbele kabisa, pale palipokuwa panaungua.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama," Osward akasema, meno yanagongana.

"Marahaba. Ingia, usitikise."

Aliingia, akakaa mbele. Hakuuliza anakalia nini. Sikitu alivua khanga yake ya juu akamfunika mabegani, akamkabidhi kopo atoe maji, kwa sababu aliyebebwa bure afanye kazi. Osward alitoa maji. Baadaye akapapasa ukingo, akakipata kile kipande cha debe na misumari yake minne, mkono ukatulia hapo.

"Huku mbele kuna joto," akasema.

"Ndiko kunakoungua," Sikitu akajibu. "Tumekaribia kufika, vumilia."

Fulgensi akaongeza mwendo. Suruali ya Osward ilianza kunuka moshi.

"Mama, mimi ndiye niliyewasha kiberiti."

"Tunajua. Balbina alikuona."

"Mkuu alisema huu ni upande wa hifadhi. Tulikuja kugundua tumeshamaliza."

"Basi Alhamisi useme hivyohivyo, mwanangu. Hatutaki mtu afungwe. Tunataka mti."

"Nitasema."

Alisema hivyo mara mbili, mara ya pili akiwa ameshashuka, amesimama kwenye matope na khanga ya Sikitu mabegani. Fulgensi alimwamini kabisa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumza habari za mvule, upi umenyooka, upi una ufa, na Sikitu alimsikiliza akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mwezi wa saba.

Kikao kilikaa ofisi ya kijiji. Wajumbe walikuwa wanne, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mpole, aliyemsalimia kila mtu kwa jina. Mkuu wa kituo alikaa kiti cha tatu kutoka kwa Osward, amekunja nne. Osward aliingia amenyoa, na khanga ya Sikitu mkononi, imefuliwa na kukunjwa.

"Shikamoo mama. Asante."

"Marahaba. Homa haikukushika?"

"Haikunishika."

Mwenyekiti akamwuliza kama Jumapili ile doria ilichoma mtumbwi. Osward alitazama sakafu. Nje pikipiki ilipita, wakangoja ipite.

"Hapana," akasema.

"Mliona chombo chochote pale?"

"Hapana. Hapakuwa na chombo."

Fulgensi alisimama, akasahau kwa nini amesimama. Ni Sikitu aliyesema, tena bila kupaza sauti.

"Osward, usiku ule ulikalia nini?"

Jasho lilikuwa linamtoka Osward kwenye shingo. Alimtazama mkuu wake, akautazama ukuta wenye taarifa.

"Sijui, mama. Nilikuwa kwenye maji."

Mwenyekiti akaandika. Aliwaeleza kwa upole kwamba malalamiko hayakuthibitika, kwamba hata hivyo anawapa pole, na kwamba kuhusu chombo wanachotumia sasa, kamati haina la kusema, kwa sababu hakionekani na kwa hiyo hakihitaji leseni. Mtendaji akaleta soda. Mkuu wa kituo akachagua ya machungwa.

Osward aliwafuata mpaka kwenye mwembe wa shule, akasimama hatua kadhaa nyuma yao.

"Mkataba wangu unaisha Desemba," akasema. "Wananiangalia kama wataniongezea."

"Nenda, mwanangu," Sikitu akasema. Hakuwa amemsamehe. Alikuwa amechoka, na hakutaka kumwona analia, maana angemhurumia, na huruma ile ingemuuma zaidi kuliko hasira.

Novemba ilipoingia, mtumbwi ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Walisimama ufukweni na kulitazama lile shimo la maji, ambalo sasa lilikuwa dogo kama hodhi la kufulia. Jua lilikuwa limeshazama upande wa Malinyi.

"Ingia wewe," Fulgensi akasema. "Mshipi ndio kazi."

"Nani apige kasia? Mimi nitazunguka hapahapa kama bata."

"Sasa?"

"Sasa ingia, usinichoshe."

Akaingia. Sikitu alimfunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu, akaukaza, akaufungua, akaufunga tena, mpaka Fulgensi akamwambia basi. Halafu alikaa kwenye nyasi, akaweka kidole chake cha shahada juu ya goti, kimekunjwa kama alivyozoea, hakina kitu. Fulgensi akaenda. Miaka ishirini na sita alikuwa akitazama mgongo wa mkewe usiku. Sasa mbele yake palikuwa na maji tu, akajisikia mpweke kiasi cha kutaka kurudi.

Mguu wake haukujua lolote. Kitoga wa kwanza alikula chambo akaondoka, Fulgensi asihisi kitu. Wa pili alipokuja, kidole cha Sikitu kilivutwa kule kwenye nyasi, mara mbili, kama wanavyovuta kitoga, na ngozi ikabonyea mahali pa mshipi.

"Vuta!" akapiga kelele.

Sauti ilifika. Fulgensi akainua kasia, akavuta, akamtoa kitoga wa kilo tatu, anakoroma.

Wakafanya hivyo usiku mmoja, na mwingine, na mwingine. Kila usiku ilibidi Fulgensi akae karibu zaidi na ufukwe ili amsikie, maana sauti ya Sikitu ilizidi kukauka, na karibu na ufukwe samaki ni wachache. Balbina alianza kwenda Lupiro kununua kwa wengine, akaja kuwaambia mwenyewe, kwa adabu, wakamwelewa.

Usiku wa mwisho wa juma la pili, boti ya doria ilikuja kutoka upande wa juu wa mto, mpya, na Osward kwenye injini. Ilikuwa inakuja moja kwa moja. Fulgensi alikuwa amekaa ndani ya shimo lake, magoti kidevuni, kasia mapajani. Osward alipunguza injini mapema, mbali kabisa, ili wimbi lisimfikie, akazunguka kwa nje, mzunguko mpana, wa heshima, kama mtu anavyokwepa chombo cha mwenzake.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko pale."

Osward akageuka upande wa nyasi, akaona Sikitu amekaa na kidole kimekunjwa. Akainua mkono. Sikitu naye akainua wake, ule mwingine. Boti ikapita polepole mpaka ilipovuka kona, ndipo injini ikakolea.

Saa nane usiku, kituoni, Osward alifungua daftari la doria akaandika tarehe, hali ya maji, na hali ya hewa. Kwenye mstari wa vyombo vilivyoonekana aliandika: hakuna. Aliandika vizuri, kwa herufi za kusomeka, akatia sahihi.

Mtoni, Sikitu alikuwa amepiga kelele ya vuta mara tatu, na Fulgensi alikuwa bado hajasikia.