Mguu wa Mama Pacha

Ukitaka kumjua mtu mwenye kichwa kigumu, mwambie Mama Pacha kwamba hajui kuendesha gari. Kaka yake wa tumbo moja alimwambia hivyo, mbele ya watu, tena akicheka. Sijui alitegemea nini.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mama Pacha alikuwa anapeleka watoto shule, pacha wake wawili na watatu wa majirani, kwenye ile vani yao kuukuu ya viti saba ambayo mlango wake wa pembeni haufunguki mpaka uubembeleze. Alipolikaribia geti la shule akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini, laini, kama amekanyaga mto wa kulalia, na gari likaendelea na safari yake. Likaligonga geti. Taa ya mbele ikavunjika, mtoto mmoja akajiuma mdomo, basi. Lakini Mama Pacha alibaki ameshika usukani, hashuki, maana dakika moja tu kabla ya hapo watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamejipanga mbele ya geti lile lile.

Kaka yake ndiye fundi wa magari pale mtaani, na akisema gari zima, ni zima. Alilipandisha kwenye jeki, akayamulika magurudumu yote manne, akatazama mafuta ya breki. Yalikuwa yamejaa, hata tone halijavuja. Akalizungusha mtaani akifunga breki kila kona, na kila alipofunga lilisimama. Akarudi na jawabu lake: gari halina shida, kibovu ni mguu wa dada.

Utani wa ndugu hauna ubaya ukibaki ndani. Huu ulitoka. Kufika jioni watu walishambatiza Mama Geti. Wazazi wa wale watoto watatu wakaja nyumbani, wakamsifia chai yake, wakawasifia pacha kwa kukua, wakazunguka weee, mwisho wakasema wangefurahi kama kuanzia Jumatatu, gari likishatoka gereji, Baba Pacha ndiye angewapeleka watoto. Baba Pacha hakusita. Alikuwa na miaka ishirini barabarani na hajawahi kugonga hata kuku.

Mama Pacha hakulia mbele yao. Alilia jikoni, kidogo, kwa hasira, kisha akanawa uso. Kunyang'anywa usukani kulimuuma, asikudanganye mtu, ila hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni kwamba Jumatatu watoto wale wale wangepanda gari lile lile lenye pedali ile ile, na kila mtu angekuwa na amani moyoni. Akajifunga kibwebwe.

Alichukua daftari la kuchorea la mmoja wa pacha, akaligeuza nyuma, akaanza kuwatafuta wenye vani kama yake. Hazikuwa chache. Aliwavizia sokoni, aliwasubiri nje ya zahanati, mmoja alimgongea dirisha akiwa kwenye foleni ya mafuta mpaka yule mtu akadhani anaibiwa. Kila mmoja alimuuliza swali moja: pedali imewahi kukuzamia? Kufika Ijumaa alikuwa na watu kumi na mmoja. Sita walisema ndiyo, tena wengine walishusha sauti, maana nao walishaambiwa na mafundi wao kwamba wanaota. Watano walisema gari lao halijawahi kuwasumbua.

Akampelekea kaka yake lile daftari. Fundi akalisoma huku amesimama, akalirudisha.

"Hawa sita ni akina nani, dada? Wanawake wanne na vijana wawili wenye leseni mbichi. Na hawa watano ni madereva. Umenitafutia ushahidi wangu mwenyewe."

Mama Pacha alilinyakua. Alitoka na daftari kwapani, na njia nzima alikuwa anamtukana kaka yake kimoyomoyo, matusi ambayo mama yao angeyasikia angezimia. Lakini katikati ya matusi yale wazo likamjia. Wale sita alikuwa amewasikiliza. Wale watano je? Aliwaandika tu akawaacha.

Akarudi kwa wa kwanza wao, mzee anayesambaza mikate madukani kwa vani, akaomba lifti. Mzee hakuwa na neno. Mama Pacha akakaa kiti cha mbele, na wakati mzee anamweleza habari za wajukuu zake, yeye macho alikuwa ameyatupa chini, kwenye miguu. Duka la kwanza: mguu ukapiga pedali mara tatu, chap chap chap, gari likasimama. Duka la pili, mara tatu. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mara nne.

Akamuuliza mzee kwa nini anapampu breki. Mzee akashangaa. Alisema yeye hapampu, anakanyaga kama watu wengine. Na hakuwa anadanganya. Madereva wa rika lake walijifunzia kwenye magari mabovu, mguu ukazoea kuamsha breki kabla ya kuitumia, na kichwa kilishaacha kuuangalia siku nyingi. Mama Pacha alijifunza ukubwani, kwa mwalimu mkali aliyemchapa goti kwa rula kila alipokanyaga mara mbili.

Hakulala vizuri. Jumamosi asubuhi alikuwa wa kwanza gereji. Baba Pacha naye alikuwepo, amekuja kuchukua gari lililofungwa taa mpya, anakunywa chai juu ya tairi. Mama Pacha akamwambia kaka yake akae kwenye usukani, awashe injini, akanyage breki mara moja tu na kushikilia.

Fundi akacheka, akakaa. Chap chap chap.

"Umepiga tatu," Mama Pacha akasema.

"Sijapiga tatu."

"Kaka, umepiga tatu. Muulize shemeji yako."

Baba Pacha akatazama kikombe chake, akakubali kwa kichwa. Fundi akajaribu tena, akapiga mbili, akajishtukia mwenyewe, uso ukambadilika. Basi Mama Pacha akapiga magoti pale mlangoni, kwenye sakafu yenye oili, na gauni lake safi, akaushika mguu wa kaka yake kwa mikono miwili kama anamvisha mtoto kiatu. Akamwambia akanyage. Mguu ukashuka mara moja. Ulipotaka kuinuka akaukandamiza, akaanza kuhesabu.

Mpaka kumi pedali ilikuwa imara. Kumi na mbili, ikaanza kuteremka, polepole. Alipofika ishirini na moja kiatu cha fundi kilikuwa kimegusa zulia.

Fundi akazima injini. Alijua bila kufungua boneti: masta, ule mtungi unaosukuma mafuta kwenye magurudumu, mipira yake ya ndani imekwisha, mafuta yanapenya na kurudi humo humo, ndiyo maana nje hakuna tone. Safari nyingine pedali inazama polepole kama hivi, safari nyingine kwa mkupuo mmoja; ukipampu, breki inashika. Mtoto akikukatizia ghafla, nafasi ya kupampu huipati.

"Mwaka huu nimezipitisha vani nne za namna hii," alisema. "Nimewaambia wenyewe ni nzima."

Mama Pacha alikuwa ametamani siku hii tangu Jumanne, na maneno ya kumwambia alikuwa nayo, matamu. Alipomwona alivyokaa, akayaacha. Alimwambia tu achukue simu.

Fundi akapiga pale pale, juu ya kiti cha dereva. Wa kwanza wa wale wanne alimwambia asiliondoe gari, kosa ni lake yeye fundi. Wa pili na wa tatu vivyo hivyo, na kila alipotamka neno kosa alifumba macho. Wa nne alikuwa mwanamume mchangamfu, sauti yake ilisikika mpaka nje. Akacheka. Alisema fundi asihangaike, gari liko salama, ni mke wake tu, kila siku anasingizia pedali, hajui kuendesha yule.

Fundi akamtazama dada yake, bado amepiga magoti kwenye oili.

"Mpe simu mkeo," akasema.

Sauti ya mwanamke ikaitika, kwa woga kidogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dada. Nieleze hiyo pedali inafanyaje. Anza mwanzo, mimi nakusikiliza."