Usaili Nyuma ya Plaiwudi

Siku ya usaili wa dada nilifika studio saa mbili asubuhi, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimeshakwenda chooni mara tatu. Bwana Harusi akaniangalia ninavyotoka mara ya tatu, akasema, "Anayeomba chuo ni wewe au dada yako?"

Sikumjibu. Mimi watu huwa siwajibu, na yeye amezoea. Ndiyo maana tunafanya kazi vizuri.

Bwana Harusi ndiye mwenye studio. Watu walimpa jina hilo kwa sababu amepiga video za harusi zaidi ya mia nne na yeye mwenyewe hajawahi kuoa. Miaka minne iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kazi yake ni kukata picha na kuziunga, na kwa kazi hiyo mkono ukitetemeka mtu amekwisha. Lakini hakutaka wateja wajue, kwa hiyo akagawa chumba kwa plaiwudi. Mbele anakaa yeye na mteja, na skrini kubwa, na mausi ambayo waya wake unaishia chini ya meza, haujachomekwa popote. Nyuma nakaa mimi na kompyuta yenyewe, skrini ndogo inayoonyesha kila kinachoonekana mbele, na mausi ya kweli. Mteja akisema, "Huyo shemeji aliyelewa mtoeni," Bwana Harusi anarudia kwa sauti, "Shemeji aliyelewa tunamtoa," anasogeza mausi yake mfu, nami namtoa shemeji. Hakuna mteja aliyewahi kugundua. Mtu akiangalia harusi yake haangalii mkono wa fundi.

Na mimi mkono huo sikuwahi kuuangalia. Nafuata sikio tu.

Dada yangu ndiye msomi wa nyumbani kwetu. Mimi niliishia darasa la tano, mama alipofanyiwa upasuaji na ikabidi mtu mmoja abaki naye. Dada aliendelea mpaka akamaliza chuo kikuu, na mwaka huu akaomba vyuo sita, shahada ya uzamili ya filamu na masomo ya habari. Kila chuo kilitaka barua ya kueleza nia, barua za walimu wawili, matokeo, na filamu fupi aliyoitengeneza mwenyewe. Vyuo vitano vikakataa. Vinne viliandika "tunasikitika", cha tano hata kusikitika hakikusikitika. Cha sita kikasema filamu yake imewagusa, wanaomba kuzungumza naye kwa video, Alhamisi saa nne.

Filamu yenyewe ni ya mama kazini. Mama anafua mashuka ya hospitali, yeye na mwenzake mmoja. Dada aliwapiga picha wiki sita, akaja nyumbani na saa thelathini za mashuka. Mimi nikazikata, kila siku baada ya wateja kuondoka, mpaka zikabaki dakika kumi na moja. Nilifurahi sana kuifanya kazi ile. Sikujua kwamba mwishoni mwa fomu kulikuwa na sentensi inayosema, nathibitisha kazi hii nimeifanya peke yangu, kuanzia kupiga picha mpaka kuhariri, na pembeni yake kisanduku, na kwamba dada alikuwa ameweka tiki.

Nilijua siku mbili kabla ya usaili, barua pepe ilipokuja kumwambia awe na mradi wa filamu umefunguliwa kwenye kompyuta, huenda wakaomba awaonyeshe jambo.

"Kwa nini hukuandika jina langu?" nilimuuliza.

"Chuo cha kwanza kiliniuliza huyo mhariri ana shahada gani. Nikaogopa." Alikuwa amekaa kitandani, anatafuna ncha ya mtandio. "Mdogo wangu, hiki ndicho cha mwisho. Kikikataa hiki, walimu wangu hawataandika barua nyingine, wameshachoka na mimi. Tufanye kama mnavyofanya na Bwana Harusi. Mara moja tu."

Nilitaka kusema hapana. Nikatikisa kichwa kukubali.

Basi Alhamisi dada akaja, amevaa blauzi ya mama ya kanisani. Bwana Harusi alifunga mlango, akageuza kibao upande wa "Tumefunga", akasimama karibu na swichi kubwa ya umeme mikono nyuma kama askari. Dada akachungulia kwangu.

"Ukipiga chafya umeniua."

"Sina mafua."

"Usipumue sana pia."

Saa nne juu ya alama sura mbili zikatokea kwenye skrini: profesa mama mwenye mvi, miwani imeshuka puani, na mwalimu kijana mwenye ndevu aliyekuwa anakunywa kitu kwenye kikombe kikubwa. Pembeni, katika kisanduku kidogo, dada. Nilimwona anatabasamu. Mimi mikono ilikuwa imelowa jasho hata mausi inateleza, nikaifuta kwa sketi, ikateleza tena.

Dakika ishirini za kwanza zilikwenda vizuri. Walimuuliza amesoma nini, anataka kuchunguza nini, kwa nini wao na si chuo kingine. Dada anajua kuongea, na akiongea anaongea na mikono, tangu utotoni. Mama alikuwa akimwambia ukimfunga mikono huyu atakuwa bubu.

Kisha profesa akasema, "Tufungue filamu. Pale wanapokunja mashuka."

"Tunafungua wanapokunja mashuka," dada akarudia kwa sauti, kama Bwana Harusi kabisa. Nikafungua, nao wakawa wanaiona skrini yetu.

Mama na mwenzake wameshika shuka, kila mmoja pembe mbili, wanatembea kuelekeana. Kabla mikono yao haijakutana, picha inakatwa, linaanza shuka jingine.

"Kila mara unakata kabla mikono haijagusana," profesa alisema. "Kwa nini?"

Dada hakuwahi kuniuliza hilo.

"Ni kuvunja matarajio ya mtazamaji," dada akasema. "Ni kuhoji uhusiano uliopo kati ya mwili na kazi, na namna mfumo..."

"Sawa, sawa. Hebu refusha kipande cha shuka la tatu. Nataka kuona wakikutana."

"Shuka la tatu tunarefusha." Nikakamata mwisho wa kipande, nikauvuta taratibu. Dada akaendelea, "kwa sababu mfumo wenyewe unawatenganisha watu wawili ambao..."

Mwenye ndevu akashusha kikombe. "Ngoja kidogo."

Nikatazama kisanduku kidogo. Dada alikuwa ameinua mikono yote miwili hewani, vidole vimetanuka, anawatenganisha watu wawili. Na mshale wa mausi ulikuwa bado unatembea kwenye skrini.

Niliacha mausi kama nimeshika pasi ya moto.

"Mikono yako yote miwili iko juu," profesa alisema. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Kutoka mlangoni nikamsikia Bwana Harusi ananong'ona, "Nizime? Nizime umeme? Umeme kukatika siyo dhambi ya mtu."

Dada akacheka, kicheko chembamba. "Aa, mausi yenyewe ya zamani hii, inachelewa. Inatembea yenyewe."

"Basi ishike," profesa akasema. "Isogeze kamera yako kidogo tuione. Vizuri. Sasa rudisha kipande kilivyokuwa."

Kwenye plaiwudi kuna tundu la kupitishia nyaya, usawa wa meza. Niliweka jicho pale kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Niliuona mkono wa dada juu ya mausi mfu, pete yake, kucha alizozitafuna. Kurudisha kipande ni kuvuta kushoto. Dada hajui. Mkono wake ukaanza kwenda kulia.

Hapa lazima niseme ukweli. Nilikuwa na muda wa kumfuata. Ningeuvuta mshale kulia pamoja naye, kipande kingemeza picha inayofuata, ile ya mama amebaki peke yake na kikapu, na wale wawili wangesema ameteleza tu, watu hukosea. Lakini sikio langu lilikuwa limesikia "rudisha", na miaka minne sijafuata mkono wa mtu. Mkono wa dada ukaenda kulia, mshale ukaenda kushoto, na kipande kikarudi mahali pake sawasawa, bila kupungua hata chembe.

Mwenye ndevu akasogea karibu na kamera yake.

"Kuna nani mwingine humo ndani?" profesa akauliza.

Dada akaiachia mausi. Kupitia tundu nilimwona shingo inang'aa jasho. Mshale wangu ulikuwa karibu kabisa na kitufe chekundu cha kukata simu. Bonyezo moja tu. Bwana Harusi alikuwa amenyanyua mkono hadi kwenye swichi, na mkono wenyewe unavyotetemeka, nikaogopa ataizima bila kukusudia.

Nikasimama. Sijui kama ule ulikuwa ujasiri. Nadhani nilitaka tu woga ule uishe, kwa njia yoyote, hata mbaya. Nikazunguka plaiwudi nikaenda kusimama kando ya dada, mahali ambapo kamera inaona.

"Na wewe ni nani?" profesa aliuliza.

Nikamtazama dada. Ghafla nikaogopa jambo jingine kabisa, kubwa kuliko chuo: kwamba atasema ni mfanyakazi wa hapa. Nikawa nimeshalisikia neno hilo kichwani.

"Ni mdogo wangu," dada akasema. "Anayenifuata."

"Yeye ndiye aliyekata?"

"Ndiyo."

"Sehemu gani?"

"Yote."

Profesa akapandisha miwani. "Basi nikuulize wewe. Kwa nini unakata kabla mikono haijagusana?"

Niliongea nikiitazama meza. "Mwenzake na mama alikuwa anastaafu. Shuka la mwisho la siku ya mwisho ndilo nililoacha wakutane. Wakikutana kila mara, ile ya mwisho haitaonekana."

"Sema kidogo kwa sauti, mwanangu."

Nikarudia. Akaandika kitu. Mwenye ndevu akauliza, "Umesomea wapi?"

"Niliishia darasa la tano."

"Nina maana, kuhariri."

"Hapo nyuma," nikasema, nikaonyesha plaiwudi. Mlangoni Bwana Harusi alikohoa kama mtu aliyepaliwa na maji.

Profesa alimgeukia dada. "Filamu hutengenezwa na watu wengi. Hakuna ambaye angekukatalia msaada. Ulipewa mstari wa kuandika jina lake, ukaweka tiki." Akafunga daftari, akasema, "Tutawaandikia."

Skrini ikawa nyeusi. Bwana Harusi ndiye aliyesema kwanza. "Haya. Siri ya miaka minne imefika chuo kikuu. Bahati nzuri wale hawajaja kutafuta mpiga video." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Dada akachukua pochi yake akatoka.

Siku tisa zilizofuata sikula vizuri. Dada alikuwa anaongea nami mambo ya lazima tu: pisha, nipe chumvi, mlango umefungwa? Jioni mama akirudi na mikono imechujuka kwa sabuni, anauliza, "Wamesemaje?" Dada anasema, "Bado, mama." Mama anasema, "Kuchelewa siyo kukosa," na mimi nainamia sahani. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia siku ikifika, nayapanga, yanabomoka.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili mchana, mama yuko jikoni anachambua mchele. Dada alikuwa kitandani na simu. Aliisoma barua mara moja kimoyomoyo, kisha akanisomea kwa sauti kavu kama anasoma bei za dukani. Jopo limeguswa na filamu. Jopo haliwezi kumpokea mwombaji aliyetoa tamko lisilo la kweli. Mwaka ujao anaruhusiwa kuomba tena, akitaja wote walioshiriki, na atapaswa kuwasilisha kazi mpya.

Akalaza simu kifudifudi.

"Ungefuata mkono wangu," alisema.

"Najua."

"Ungefuata tu. Ningekuwa nimeingia."

"Najua, dada. Picha ya mama ingemezwa."

"Si ungeirudisha baadaye?"

Ni kweli. Ningeirudisha kwa kubonyeza mara moja. Nilikaa ukingoni mwa kitanda changu nikisubiri aseme maneno ambayo siku tisa nilikuwa nayasubiri, kwamba nimemharibia maisha.

Dada alilala akitazama ukuta. Kisha akauliza, bila kunigeukia, "Ulijuaje kwamba yule mwenzake na mama anastaafu?"

"Mama aliniambia."

"Mimi nilikaa nao wiki sita na kamera. Hakuniambia."

"Nilimuuliza. Niliona kwenye picha yule mwenzake anazigusa mashine kila akipita, kama anaziaga."

Dada akavuta mtandio wake kitandani. Aliinuka, akajifunga mtandio, akaichukua simu yenye barua na kuelekea jikoni. Nikamsikia anavuta kigoda, anakaa karibu na mama, na mchele ukaacha kulia kwenye ungo. Nilisogea mpaka mlangoni lakini sikuthubutu kuingia. Nilishika fremu kwa mikono miwili, nikingoja kusikia ataanza na lipi: barua, au swali la mwenzake aliyestaafu.